Sebule ya futi 10 kwa 12 na mwenye nyumba nyuma ya ukuta: sabufa, hom thieta, saundibaa au spika mbili?

Swali limetoka kwa kijana wa Tabata, nalifupisha kidogo: "Fundi shikamoo. Nimepanga chumba na sebule, sebule ni futi 10 kwa 12, naishi na mke wangu na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Tuna tivii ya inchi 43, king'amuzi cha Azam, na muziki tunapigia kwenye simu. Nimetenga laki nne. Kariakoo nimeoneshwa sabufa ya wati 12,000, jamaa yangu ananiambia chukua hom thieta ya spika tano, mke wangu anataka saundibaa kwa sababu haili nafasi. Shida ingine, ukuta mmoja wa sebule ndo ukuta wa chumba cha mwenye nyumba. Mimi mtu wa singeli na bongo fleva, mke anaangalia tamthilia na kila siku analalamika haelewi wanaongea nini. Nichukue ipi?"

Marahaba mdogo wangu. Nikujibu kabisa ili hata ukiishia hapa uwe umepata chako: kwenye hizo tatu mi nisingeanza na hata moja. Ningechukua spika mbili ndogo zenye ampu (mashine ya kukuza sauti) yake ndani, wufa, yani koni kubwa ya sauti nzito, ya inchi 4 hivi, moja kulia kwa tivii moja kushoto, na sabufa nisinunue kwanza. Saundibaa ya shemeji ndo ingekuwa ya pili. Najua hapo kwenye kukosa sabufa umeshaanza kuona fundi mwenyewe kachoka, ila nisikilize, maana kwenye sebule yako tatizo la kuogopa ni mdundo kuzidi, wala sio mdundo kukosa.

Tuanze na hizo wati 12,000 kwa sababu ndo zimekushika. Soketi ya ukutani hapo kwako ni volti 230, plagi ya pini tatu ina fyuzi ya ampia 13, zidisha hizo mbili unapata wati 2,990. Yani soketi nzima, hata ukiibana vipi, haina huo umeme wanaokwambia unatoka kwenye boksi. Na kama kweli ingekuwa inakula wati 12,000, saa moja tu ya muziki ingeondoka na yuniti 12 za LUKU, ungepiga singeli Jumamosi mchana jioni mnalala giza. Hiyo namba inaandikwa PMPO, ni hesabu ya kubuni ya kilele cha kufumba na kufumbua ambayo kila kiwanda kinajipigia kivyake, hakuna anayeisimamia. Namba ya kuuliza ni RMS, nguvu ambayo kitu kinaitoa kwa kuendelea bila kufa. Kama hawajaiandika, geuza sabufa angalia kibandiko cha nyuma pale kwenye umeme inaotumia, utakuta wati 60, wati 80, hapo umeshajua, kwa sababu hakuna ampu inayotoa kwa muda mrefu nguvu kuliko inayoingiza. Wauzaji wengi hawapendi ukigeuza mzigo, we geuza.

Alafu kingine ambacho watu hawaambiwi, sebule ndogo haihitaji wati nyingi hata hizo za kweli. Spika ya kawaida ukiipa wati MOJA inatoa kama desibeli 86 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) ukiwa mita moja mbele yake. We sofa lako litakuwa mita mbili na kitu, chumba chenyewe kina kuta za bloku zinazorudisha sauti, kwa hiyo kwa spika mbili zenye wati moja moja bado unapata desibeli zaidi ya 80 hapo ulipokaa, na maongezi ya kawaida ya watu wawili ni kama 60. Sasa uongeze wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, ni kiasi ambacho mtu akikuzungushia bila kukwambia unaweza usishtuke. Ili sikio lako lione sauti imekuwa mara mbili unahitaji wati mara kumi. Ndo maana spika za wati 20 kila upande, RMS za ukweli, zinakutosha sebuleni, na sherehe ya nje huwa tunakodi muziki mwingine kabisa.

Sasa njoo kwenye chumba, hapa ndo penyewe na hapa ndo hela za watu zinapotelea.

Sauti ya chini, ile ya mdundo, ina mawimbi marefu. Sauti kwa joto letu inatembea mita kama 345 kwa sekunde. Upana wako wa futi 10 ni mita 3.05, mdundo ambao nusu ya wimbi lake inaingia hapo ukutani mpaka ukutani ni wa Hz 56 au 57 hivi, yani mitetemo 56 au 57 kwa sekunde. Urefu wa futi 12 unakupa 47. Dari kama ni ya futi 9 inakupa kama 63. Hizo namba tatu zote ziko palepale kwenye ngoma ya chini ya bongo fleva na kwenye gitaa la bezi, ambalo waya wake mnene kabisa unaanzia Hz 41. Kwa hiyo sauti ya 47 ikipigwa, chumba chenyewe kinaidaka kinaanza kuiimba nacho, inavimba kwenye kuta na kwenye kona, inapotea katikati ya chumba, na ikishapigwa haiondoki haraka kwa sababu bloku, marumaru na lipu havili mdundo, vinaurudisha tu. Ushawahi kuingia kwa mtu ukakuta ukisimama katikati muziki mwembamba, ukienda kukaa kwenye kochi la ukutani linanguruma mpaka kifuani? Ndo hicho. Wenye vyumba vya futi 10 kwa 10 na dari ya futi 10 poleni zaidi, kwenu namba zote tatu zinaangukia sehemu moja, chumba kinakuwa na noti moja inayomeza zingine.

Na we mtu wa singeli ndo ungetakiwa uogope hili kuliko mtu wa rumba. Singeli inakimbia, mapigo 200 kwa dakika ni kawaida na kuna zinazoelekea 300. Chukua ya 240, hapo ni mapigo manne ndani ya sekunde moja, robo sekunde kila pigo. Mdundo ambao chumba kinaukalia nusu sekunde kabla haujafa maana yake pigo la pili na la tatu linaingia la kwanza bado halijatoka, na ngoma zote zile za kukatika katika zinageuka ngurumo moja ndefu huku emsii anapiga kelele juu yake. Watu wanasema singeli kelele, wakati mwingine hawajawahi kuisikia kwenye spika inayojua kunyamaza.

Sasa weka ile sabufa ya bei rahisi kwenye chumba kama hicho. Nyingi zimetengenezwa boksi jepesi lenye tundu kubwa, wamelipima ligonge kwenye Hz 60 au 70 hivi kwa sababu hapo ndo mteja dukani anasikia "daah inapiga", chini ya hapo hakuna kitu. Kwa hiyo kitu chenye noti moja unakiweka kwenye chumba chenye noti zake zilezile. Unapunguza bezi kwa rimoti, bado inanguruma. Unaipeleka kwenye kona kwa sababu ndo kwenye nafasi, kona ndo inaongeza mdundo kuliko sehemu yoyote ya chumba. Na vile vispika viwili vya pembeni vina koni ya inchi 3 au pungufu, haviwezi kubeba sauti nzito ya mwanaume, inabidi sabufa ivisaidie, matokeo yake baba wa kwenye tamthilia nusu ya sauti yake inatokea chini ya meza.

Tukifika hapo tumefika kwenye kesi ya shemeji, na mi nadhani kesi yake ni kubwa kuliko yako, usiniambie nimekula rushwa. Tivii bapa spika zake ni vidogo na vinaangalia chini au nyuma, sauti inagonga ukuta kwanza ndo inakuja kwenu. Kuelewa maneno kunategemea herufi kama s, t, k, f, ch, na hizo zinaishi juu, kuanzia Hz 1,000 mpaka 4,000 na kupanda, sauti ambazo zinataka kukufikia moja kwa moja kabla mwangwi haujazifuta. Piga kofi moja katikati ya sebule usiku kumetulia. Ukisikia kama kamlio ka bati kanakorudi rudi, hiyo ndo inayokula maneno ya tamthilia, na hakuna spika ya laki nne itakayoitoa peke yake. Zulia lenye manyoya kati ya sofa na tivii, pazia zito badala ya lile jepesi la kuonyesha nje, sofa la kitambaa badala ya la ngozi ya bandia, kabati la wazi lenye vitu vya kila saizi, hivyo vinasaidia kwenye sauti za juu na za kati. Mdundo havigusi, nisikudanganye. Na trei za mayai ukutani, nakuomba, usiweke. Hazizuii sauti kwenda kwa jirani hata chembe, kwenye mwangwi zinagusa kidogo sana, vumbi na mende zinakusanya, na moto zikipata umeumia.

Hom thieta ya spika tano. Jamaa yako anaishauri kwa sababu ilikuwa ndo heshima ya sebule enzi za deki, na kweli diski ya sinema ilikuwa na sauti sita tofauti ndani yake, kila spika na kazi yake. Leo niambie, diski unaweka lini? King'amuzi kwa chaneli nyingi kinakuletea sauti mbili, kulia na kushoto. Simu inapiga mbili. Nyimbo za flashi ni mbili. Kwa hiyo zile tatu zingine mashine inajitungia cha kuzipa, mara inazirudia zilezile, mara inaziwekea kimwangwi cha bandia ambacho ndo kinamaliza kabisa maneno ya tamthilia. Alafu sofa lako lazima ligote ukuta wa nyuma, hakuna pa kwenda kwenye futi 12, spika za nyuma zinakaa sentimita 30 kutoka kwenye sikio la mtu, waya unapita mlangoni, mtoto wa mwaka mmoja na nusu yupo. Hapana. Laki nne zikigawanywa kwenye spika tano na sabufa na deki kila kimoja kinapata makombo.

Saundibaa siipingi, naiheshimu. Waya mmoja tu wa HDMI kwenye tundu la tivii lililoandikwa ARC, sauti unapandisha kwa rimoti ileile ya tivii, bibi akija kutembelea anaweza kuitumia bila kufundishwa. Shida yake ni upana, kulia na kushoto viko ndani ya boksi moja la chini ya mita, kwa hiyo muziki unakuja kama umebanwa kwenye mlango mmoja. Kwa maongezi haina neno, kwa muziki ndo nakwambia spika mbili za bei ileile zinaipita. Kama meza ya tivii haina nafasi hata ya kiganja pembeni, basi chukua saundibaa na wala usijisikie vibaya, ila iwe na ARC kweli, iwe na kitufe cha kuinua maongezi, usiifungie ndani ya kabati, na uhakikishe kwa urefu wake haizibi jicho la rimoti la tivii maana nyingi zinaziba na watu wanadhani rimoti imekufa. Ikija na sabufa yake isiyo na waya, sabufa hiyo ina tabia zilezile nilizosema, kukosa waya hakubadilishi chumba.

Sasa spika mbili. Namaanisha zile zenye ampu ndani ya spika moja na nyingine inaunganishwa kwa waya, hazihitaji redio wala mashine pembeni. Mfano wa kukupa picha ni Edifier R1280DB, wufa ya inchi 4 na twita yake, kile kikoni kidogo cha juu, kila boksi, wati 42 RMS kwa zote mbili, ina Bluetooth, ina tundu la waya wa mwanga, ina pini nyekundu na nyeupe, na vitufe vya kuzungusha bezi na trebo (sauti za juu) viko pembeni. Ndugu yake R1280T ni ileile bila Bluetooth wala waya wa mwanga. Kuna pia hizi ndogo za watu wa studio, PreSonus Eris za inchi 3.5, Mackie CR3, hizo zinasikika safi sana ukiwa karibu ila bezi ni nyembamba zaidi. Bei sikutajii, inacheza na dola na kila duka lina ya kwake, ila ndo kundi la kwenda kuulizia na laki nne yako, na ukiona haifiki subiri mwezi mmoja kuliko kurudi na sabufa. Laki nne yenyewe usiimalizie kwenye spika, bakiza kama elfu hamsini ya waya, kilinda umeme na vya kuwekea spika, kama zulia hamna basi bakiza zaidi, zulia litamsaidia shemeji kuliko wati ishirini za ziada.

Inchi 4 inashuka vizuri mpaka kwenye Hz 60 au chini kidogo, na chumba chako chenyewe, kwa ule ubaya wake wa 47 na 56, kinaibeba iliyobaki. Yani ule ugonjwa tunautumia kama dawa, spika inapoanza kuishiwa ndo chumba kinapoanza kuongeza. Ndo sababu nakwambia sabufa subiri. Watu wakija watakuuliza sabufa umeificha wapi.

Mtumba pia upo, ampu na spika za miaka ya nyuma zina sauti tamu kuliko vipya vingi vya bei hiyo, ila angalia mambo mawili. Mzigo uliotoka Japani unatumia volti 100, Marekani 120, ukiuchomeka kwenye 230 hapo Tabata utasikia harufu kabla hujasikia wimbo. Wa Ulaya na Uingereza ni sawa na wetu. La pili ni ule mduara laini unaoshika koni pembeni, kama ni wa sponji bonyeza kidogo kwa kidole, sponji ya zamani kwa joto na unyevu wa Dar inakuwa unga, na muuzaji mjanja anakuwekea kile kitambaa cha mbele usione. Kama ni wa raba mara nyingi ni mzima.

Kwenye kuziweka sasa, usikimbie hii sehemu kwa sababu ni bure na inabadilisha kuliko kuongeza laki. Tivii iende kwenye ukuta wa futi 10 usio wa mwenye nyumba, sofa liangalie urefu wa futi 12. Spika ziachane mita moja na nusu mpaka moja na themanini, na umbali wa kila spika mpaka kichwani kwako uwe haupishani sana na huo, upate pembe tatu. Twita iwe usawa wa sikio la mtu aliyekaa, kama sentimita 90 mpaka mita kutoka sakafuni, na kwa kuwa meza za tivii nyingi ni fupi ziinamishe kidogo ziangalie juu. Usizipeleke kwenye kona, na usizigandishe ukutani, ziache sentimita 20 au 30 nyuma, hasa hizi zenye tundu mgongoni. Kama nafasi hiyo hamna kabisa, chukua soksi safi ikunje ingiza kwenye tundu, bezi inapungua na ngurumo inapungua, mafundi wote tunafanya hivyo. Chini ya kila spika weka vipande vinne vya kandambili iliyokatika, raba ile inazuia mtetemo usishuke kwenye meza na vioo vya kabati visianze kucheza taarab.

Kuhusu ukuta wa mwenye nyumba tuongee kiutu uzima. Bloku inazuia trebo na maneno vizuri, mdundo inaupitisha, ndo maana ukiwa chumbani jirani akipiga muziki unasikia dududu tu bila wimbo. Yeye hatosikia singeli, atasikia dududu, saa nne ya usiku, na kodi ni yake. Kwa hiyo hakuna spika wala sabufa iguse ule ukuta, hakuna kitu chenye mdundo kikae sakafuni karibu nao. Usiku punguza kitufe cha bezi kabla hujapunguza sauti, utashangaa unaweza kuendelea kusikiliza vizuri tu na yeye analala. Ukiona kwenye mashine kuna kitufe cha laudinesi, jua kinaongeza bezi ili sauti ndogo isionekane nyembamba, mchana kiwashe, usiku kizime. NEMC, wale wa baraza la mazingira, huwa tunawasikia wakifungia baa na kumbi kwa ajili ya kelele, kwenu nyie mara nyingi haifiki huko, inaishia kwenye notisi ya kuhama.

Siku utakayojenga kwako na bado unataka sabufa, chukua ndogo ya inchi 6.5 au 8 yenye vitufe viwili, cha sauti yake na cha kuamua inaanzia wapi. Pa kuiweka hupatafuti kwa macho. Iweke juu ya sofa pale unapokaa wewe, piga wimbo wenye bezi inayotembea, alafu tambaa chini kando ya kuta mwenyewe ukisikiliza, pale utakaposikia kila noti ya bezi inalingana na mwenzake ndo pa kuipeleka. Mke atakucheka, ila inafanya kazi na wenye vifaa vya mamilioni wanafanya hivyohivyo.

Waya. King'amuzi kwenda tivii kwa HDMI kama kawaida, alafu kutoka tivii kwenda kwenye spika, usitoe sauti kwenye king'amuzi moja kwa moja maana ukiweka flashi au YouTube ya tivii utakuwa bubu. Kama tivii ina lile tundu la mraba linalowaka mwanga mwekundu tumia hilo, na uingie kwenye mpangilio wa sauti wa tivii uchague PCM, usipochagua kuna chaneli zitatoa sauti ya Dolby ambayo spika hizi hazijui kuisoma na utakaa kimya ukidhani umeuziwa mbovu. Kama tundu hilo hamna, tumia la hedifoni au pini nyekundu na nyeupe, sawa tu. Bluetooth iachie simu na muziki. Ukiitumia kwa tivii sauti inachelewa, midomo inafunga ndo neno linatoka, tamthilia inakuwa vituko na shemeji atarudi kulekule kwenye kulalamika.

Ukisikia mngurumo wa chini usioisha hata muziki ukisimama, mara nyingi ni tivii na spika ziko kwenye soketi mbili tofauti au ni waya wa dishi unaoingiza, anza kwa kuchomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Ukisikia zzt-zzt-zzt kabla simu haijaita, sogeza simu. Na kilinda umeme nunua, TANESCO wakikata sio shida, shida ni ule umeme unavyorudi.

Kariakoo nenda na flashi yako. Weka singeli unayoijua mpaka kikohozi cha emsii, weka wimbo mmoja wa mwanamke anayeimba taratibu na vyombo vichache, taarab ya zamani inafaa sana, na weka dakika mbili za taarifa ya habari uliyojirekodia. Mwambie muuzaji arudishe bezi na trebo katikati na azime vimwangwi vyote, alafu anza na habari kwa sauti ndogo kabisa. Spika nzuri utaelewa kila neno kwa sauti ambayo mtoto hashtuki, mbaya utataka uongeze. Ukilinganisha mbili zilinganishe kwa sauti sawa, kwa sababu masikio yetu yote yanapenda ile iliyo juu zaidi na muuzaji anajua hilo, ile anayotaka kuiuza ndo anaizungushia. Ukikutana na zile za kusimama zenye koni tatu tatu mbele, sogeza sikio au gusa taratibu huku inapiga, mara nyingi moja ndo inafanya kazi, zingine ni plastiki ya kupendezesha. Risiti na garantii ya maandishi, ya mdomo haina maana.

Kwa mtoto, chagua zenye kitambaa au wavu wa mbele, ile twita ya hariri ni kama kifungo cha shati na kidole cha mtoto lazima kiibonyeze ndani. Na sauti, kiwango wanachoshauri WHO, Shirika la Afya Duniani, kwa watoto ni desibeli 75 kwa masaa 40 kwa wiki, watu wazima 80, kwa hiyo singeli ya Jumamosi iwe na mwisho wake au dogo atolewe nje acheze.

Kabla hujaenda nipigie picha nyuma ya tivii, zile tundu zote zionekane na maandishi yake, na unipimie hapo kwenye meza pembeni ya tivii zinabaki sentimita ngapi kila upande. Zikiwa chini ya 16 hivi R1280 hazikai, hapo tutaongea saundibaa au kukufungia vibao viwili ukutani.